Maswali yenu: Kim Le Court, jezi ya njano na kazi ya kuendesha baiskeli

Habari zenu wasomaji. Tangu mwendesha baiskeli Kim Le Court wa Mauritius avae jezi ya njano, ile ya anayeongoza kwa jumla kwenye Tour de France ya wanawake, kule Ufaransa Julai 2025, halafu Septemba ya mwaka huohuo Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ambayo kabla ya hapo hayakuwahi kufanyika kwenye ardhi ya Afrika, meseji za baiskeli zimekuwa nyingi sana hapa na wengi mnaoandika ni wadada au wazazi wenye mabinti. Nimezisoma zote. Zinazofanana nimeziunganisha, ndefu nimezikata, twende.

Naomba historia ya huyu Kim Le Court. Hapa kijiweni kuna jamaa anabisha kwamba huyo sio Mwafrika, ni Mzungu tu kapewa bendera. Nimjibu nini? (Msomaji, Tanga)

Kaka, mwambie Kim amezaliwa Curepipe, Mauritius, Machi 1996, kakulia hapohapo kisiwani, na Mauritius ni nchi mwanachama wa Umoja wa Afrika kama Tanzania ilivyo. Hajapewa bendera, ni ya kwao. Ila jamaa yako akisema kwamba Kim alipata nafasi ambazo binti wa Kwimba hajawahi hata kuzisikia, hapo usimbishie maana ni kweli, na tutafika huko mbele kwenye swali la mama wa Eldoret.

Historia yake ndo kitu ambacho mi napenda watu wakijue vizuri, manake wengi wanadhani alitokea tu 2025 akashinda. Hapana. Mwaka 2015 akiwa na miaka 19 alikwenda Ulaya akajiunga na timu ya Uingereza inaitwa Matrix Fitness, baadae akawa na Bizkaia-Durango ya Uhispania. Haikwenda. Akarudi Afrika, akaolewa Afrika Kusini, akawa anaendesha zaidi baiskeli za milimani zile za tairi nene, na watu wa Ulaya wakamsahau kabisa. Na huko kwenye vumbi hakukaa bure, mwaka 2023 yeye na Vera Looser wa Namibia walishinda Cape Epic upande wa wanawake, ambayo ni mashindano ya siku nane ya wawili wawili kule Cape, mnaanza pamoja na mnamaliza pamoja, mwenzako akipata pancha na wewe umesimama. Hapo ndo akaamua kujaribu Ulaya tena. Timu ya Ubelgiji AG Insurance–Soudal ikamchukua kwa msimu wa 2024, karibu anafikisha miaka 28, umri ambao kocha wengi wanasema mchezaji ndo anatakiwa awe ameshajulikana.

Sasa angalia. Julai 2024, hatua ya mwisho ya Giro d'Italia, yale mashindano ya siku nyingi ya Italia ambayo mbio ya kila siku inaitwa hatua, inamalizikia L'Aquila, Kim anachomoka na kushinda. Aprili 2025 anashinda Liège–Bastogne–Liège, na hii nataka uielewe vizuri kaka, kuna mbio tano za siku moja ambazo waendesha baiskeli wanaziheshimu kupita zote, ni za zamani mno, hii ya Liège kwa wanaume ilianza 1892, na kabla ya siku ile hakuna Mwafrika yeyote, mwanaume wala mwanamke, aliyewahi kushinda hata moja ya hizo tano. Walifika wanne pamoja mjini, Kim, Puck Pieterse, Demi Vollering na Cédrine Kerbaol. Vollering alishashinda Tour de France, Pieterse ni moto wa kuotea mbali. Kim akawapiga wote kwenye mita za mwisho.

Halafu Tour yenyewe. Hatua ya 2 kuingia Quimper akachukua jezi ya njano, kesho yake Marianne Vos akamnyang'anya kwa sekunde za bonasi, hatua ya 5 kuingia Guéret Kim akashinda hatua na kuirudisha, akakaa nayo mpaka milima mikubwa ilipoanza. Hatua ya 7 alianguka kwenye mteremko, akanyanyuka, akafukuza, akamaliza bado jezi iko mgongoni. Ni mwanamke wa kwanza wa Afrika kuivaa. Upande wa wanaume alitangulia Daryl Impey wa Afrika Kusini mwaka 2013, na mwaka huohuo Chris Froome aliyezaliwa Nairobi na kuanza baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu akashinda Tour nzima, japo yeye kwa bendera ya Uingereza.

Na usisahau kumtajia jamaa yako Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini, huyo alisomea uhandisi wa kemikali Stellenbosch kabla baiskeli haijawa kazi, mwaka 2021 akamaliza wa pili Giro nzima na akashinda hatua ya mlima Matajur. Miaka mingi alikuwa karibu peke yake, ukitazama orodha ya walioko mbele unaona bendera za Ulaya tupu na yake moja ya Afrika. Mwaka 2024 yeye na Kim walikuwa timu moja.

Niliangalia Tour ya wanawake kwa simu. Siku Kim amevaa njano nikamuona anamvuta mwenzake mlimani mpaka yeye mwenyewe akaachwa. Kwa nini kiongozi afanye hivyo? Nilisikitika sana. (Dada wa Temeke)

Pole dada, wengi mlisikitika siku ile, ila ile ndo picha nzuri kuliko zote kwenye Tour ya 2025 kwa maoni yangu, nakueleza kwa nini.

Baiskeli ya barabarani ni mchezo wa timu ila anayepanda jukwaani ni mmoja. Adui mkubwa ni upepo. Ukiwa mbele unaukata peke yako, ukijibanza nyuma ya mwenzako unatumia nguvu kidogo sana kwa mwendo uleule, umeshawahi kuendesha nyuma ya lori ukaona ghafla pedali zimekuwa nyepesi, basi ni hivyohivyo. Kwa hiyo timu ina wachezaji saba kwenye Tour, wanachagua mmoja au wawili wa kulindwa, na waliobaki kazi yao ni kukata upepo, kurudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa za maji, kumsubiri kiongozi akipata pancha, hata kumpa gurudumu au baiskeli yao wenyewe. Mtu anaweza kufanya kazi hii miaka kumi, akalipwa vizuri, akaheshimika na wenzake wote, na jina lake wewe usilijue.

Sasa Kim ana nguvu za vilima vifupi na sprinti ya mwisho. Hatua ya 8 ilikuwa inamalizika juu ya Col de la Madeleine, mlima wa zaidi ya kilomita 18 unapanda tu, pale wanatawala watu wepesi sana. Timu yake ilikuwa na Muaustralia Sarah Gigante ambaye milima ndo nyumbani kwake. Kim alijua jezi inaondoka siku ile kwa vyovyote. Angeweza kujitunza apoteze dakika chache kuliko nyingi, aonekane vizuri kwenye picha. Akachagua kutumia miguu yake kumuweka Gigante sehemu nzuri mlima ulipoanza kukaza, na Gigante akamaliza wa pili siku ile nyuma ya Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, ambaye ndo alishinda Tour ile. Jezi ya njano ikimvuta mtu mwingine, dada, hiyo sio kila siku unaiona. Kesho yake Gigante alipoteza muda kwenye mteremko akashuka mpaka nafasi ya 6 kwa jumla, inauma, ila haifuti kazi ya Kim.

Hawa wadada wanalipwa kweli au ni zawadi tu na makofi? (Kijana, Kahama)

Wanalipwa, ila inategemea uko timu ya daraja gani, na hapa naomba usome taratibu maana watu wanadanganywa sana.

Pesa ya kuishi haitoki kwenye zawadi, inatoka kwenye mkataba wa timu. Timu za juu kabisa za wanawake mwaka 2025 zilikuwa 15 dunia nzima, na shirikisho la dunia UCI limeweka mshahara wa chini kwenye hizo timu. Ulipoanza 2020 ulikuwa euro 15,000 kwa mwaka, 2025 ulikuwa umefika euro 38,000 kwa mchezaji aliyeajiriwa, wachezaji wapya kabisa wanaanzia chini ya hapo kidogo. Hiyo ni ya chini, nyota kama Vollering wanapata mara nyingi zaidi. Sasa ukishuka daraja la tatu, zile timu za bara, UCI haijaweka kiwango cha chini cha mshahara hata kidogo. Huko utakuta binti anakimbia mbio moja na Vos, mvua ileile, hatari ileile, na mwisho wa mwezi anapewa nauli na baiskeli ya kuazima, anaishi kwa kufundisha watu mazoezi au kuuza duka. Ndo maana mwaka 2017 wachezaji wenyewe, akiwemo Iris Slappendel wa Uholanzi, walianzisha chama chao The Cyclists' Alliance, moja ya kazi zake ni kuwasomea wachezaji mikataba kabla hawajasaini.

Zawadi nazo zipo lakini ndogo. Tour ya wanawake iliporudi 2022 mfuko wote ulikuwa euro 250,000 na mshindi anapata 50,000. Mshindi wa kiume anapata 500,000. Na kwa desturi ya mchezo huu mshindi hali peke yake, zawadi inagawanywa timu nzima. Lakini twende mbele turudi nyuma, mwaka 1984 Marianne Martin wa Marekani aliposhinda Tour ya wanawake ya enzi zile alitoka na kikombe na kama dola elfu moja. Wale wa miaka ya themanini waliendesha wakijua hakuna hela, mashindano yao yakafutwa 1989, na kwa zaidi ya miaka thelathini mwanamke hakuwa na Tour ya hadhi hiyo, vizazi viwili vitatu vya wasichana vilizeeka vikisubiri. Mi hili jambo linanikera kila nikilikumbuka.

Kigali ilikuwaje? Nasikia wanawake waliteseka. (Msomaji, Goma)

Waliteseka ndiyo. Mbio za wanawake wakubwa zilikuwa kilomita 164.6, mizunguko 11, kila mzunguko unapanda kile kilima cha uwanja wa gofu halafu unapanda Kimihurura kwenye mawe, na mji wenyewe uko juu kama mita 1,500 kwa hiyo pumzi inakata mapema. Magdeleine Vallieres wa Kanada akashinda, hakuna aliyemtaja kabla, wakubwa walikuwa wanaangaliana wao kwa wao na yeye akaondoka. Niamh Fisher-Black wa New Zealand wa pili, Mavi García wa Uhispania wa tatu. Marlen Reusser wa Uswisi alishachukua ile ya kupambana na saa, ambayo kila mmoja anaendesha peke yake.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kwa mara ya kwanza wasichana wa chini ya miaka 23 walipewa mbio yao peke yao kwenye mashindano ya dunia, zamani walikuwa wanachanganywa na wakubwa halafu wanatolewa matokeo ndani kwa ndani. Binti wa miaka 19 wa Rwanda au Ethiopia kushindana na rika lake na sio na Vollering, hiyo ni tofauti kubwa sana.

Mwanamke akipata mimba kazi ndo imeisha? (Bibi harusi mtarajiwa, Mombasa)

Zamani ilikuwa hivyo karibu kwa wote. Sasa hivi kwenye timu za juu mkataba lazima uwe na likizo ya uzazi, miezi mitatu mshahara kamili halafu mitano nusu mshahara. Na mfano uko wazi, Lizzie Deignan wa Uingereza alijifungua 2018, akarudi, na tarehe 2 Oktoba 2021 akashinda Paris–Roubaix ya kwanza kabisa ya wanawake, moja ya zile mbio tano kubwa za siku moja, alichomoka peke yake zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 80, kwenye barabara za mawe zenye matope, alipofika usukani wake una damu za viganja. Akazaa tena, akarudi tena. Kwa hiyo mdogo wangu olewa kwa amani. Ila timu za chini haki hii sio ya lazima, inabidi uipiganie kwenye mkataba kabla ya kusaini.

Mwandishi, msichana wangu ako 16, form two, anaendesha baiskeli kushinda vijana wote wa hapa na anasema anataka kuwa kama Kim. Kocha mmoja amemwambia apunguze kilo sita na aache supper. Pia naogopa hizi barabara zetu. Nifanye aje? (Mama, karibu na Eldoret)

Mama, asante kwa kuuliza kabla mambo hayajaharibika. Naanza na hili la kilo kwa sababu ndo la haraka.

Mtoto wa miaka 16 anayefanya mazoezi makali asiache chakula cha usiku, sitaki kuzunguka hapo. Ni kweli kwamba mlimani uzito unahesabika, Ferrand-Prévot mwenyewe alisema alijipunguza kabla ya Tour ya 2025 na mjadala ukawa mkubwa kwelikweli, lakini yule ni mtu mzima wa miaka 33, bingwa wa Olimpiki, ana madaktari na watu wa lishe wanampima, na hata hivyo wenzake kama Vollering walisema wazi wao hawataki kwenda njia hiyo. Msichana anayekua akikosa chakula cha kutosha mwili unaanza kuzima vitu, hedhi inakatika, mifupa inakuwa dhaifu, majeraha hayaponi, na uharibifu wa mifupa ya umri ule hauji kurudi wote. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo mpeleke kwa daktari, na umwambie daktari kwamba mtoto ni mwanamichezo, usikubali mtu akwambie ni kawaida ya wakimbiaji. Wataalamu wa leo wa mchezo huu wanakula sana, wakati wa mbio ndefu wanaingiza gramu 90 za wanga kwa saa na wengine zaidi. Kwa hiyo ugali, viazi vitamu, ndizi, maziwa, mayai, ndengu, mpe. Na kocha anayemuongelesha mtoto wako habari za mwili wake bila wewe kuwepo, mama, huyo mtafutie mbadala. Simhukumu nisiyemjua, ila nawajua wazazi waliochelewa kuuliza.

Barabara sasa. Hofu yako ni ya kweli. Hata kwenye mashindano makubwa watu wanakufa, Muriel Furrer wa Uswisi alikuwa na miaka 18 tu alipoanguka kwenye mashindano ya dunia Zürich Septemba 2024, ikachukua muda kabla hajaonekana, akafariki. Siandiki hili nikutishe, naandika kwa sababu mtoto asiendeshe peke yake. Aende na kundi, alfajiri kabla ya matatu hazijajaa, helmeti kila siku hata akienda dukani, taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana, nguo ya rangi kali, na ajue kuacha barabara na kushuka kwenye murram akisikia lori mbili zinapishana. Mkiwa na barabara ya vumbi nzuri huko kwenu mazoezi mengi yafanyike huko, Kim miaka yake ya kupotea aliitumia kwenye vumbi na ndo ikampa ule uwezo wa kushika baiskeli wakati wengine wanateleza.

Kuhusu njia yenyewe. Yeye na wewe nendeni kwa shirikisho la baiskeli la Kenya muulize leseni, bila leseni ya shirikisho la taifa matokeo yake hayahesabiki popote. Akifikisha 17 anaingia daraja la vijana, miaka 17 na 18, na hapo ndo macho ya watu yanaanza. Timu ya Amani imefanya kazi kubwa Afrika Mashariki na imekuwa na wasichana kutoka Kenya, Uganda na Rwanda, mfuatilie mashindano yao ya barabara za vumbi. Rwanda ndo jirani aliyeendelea kuliko wote, Diane Ingabire alitoka kule akaingia timu ya maendeleo ya Canyon-SRAM mwaka 2022, pamoja na wasichana wa mataifa mengine ambayo hayana historia ya mchezo huu. UCI wenyewe wana kituo Aigle, Uswisi, wanachukua vijana wa nchi zisizo na uwezo wanawafundisha na kuwapeleka mashindano ya Ulaya, ila mlango wa kule unapitia shirikisho la nchi yako, mtu binafsi akikwambia anakupeleka Aigle ukimlipa, kimbia.

Baiskeli usiingie madeni. Ya mtumba ya alumini, saizi yake kabisa, breki nzuri na cheni mpya, inamtosha kwa miaka miwili. Nimeona wazazi wananunua ya kaboni ya bei mbaya ambayo ni kubwa kwa mtoto, magoti yanaharibika na hela imekwenda. Fundi ampimie urefu wa kiti.

Na shule aendelee. Hapa narudi kwa yule jamaa wa kijiweni Tanga. Kim alipokwama Ulaya alikuwa na pa kurudi, alikuwa na baiskeli nyingine, mashindano mengine, watu wa kumbeba mpaka alipojaribu tena. Binti yako akikwama atarudi kwako mama, kwa hiyo wewe ndo unajenga hapo pa kurudi, na cheti cha form four ni sehemu yake. Visa zinakataliwa, timu zinakufa katikati ya msimu wadhamini wakijitoa, nyonga zinavunjika. Haya yote yanatokea hata kwa wenye vipaji vya juu.

Nina miaka 27, nafanya kazi ofisini Dodoma, nimeanza kuendesha mwaka jana na kwenye mlima naacha wanaume. Nimechelewa? Niseme ukweli, nataka kuwa wa kulipwa. (Dada, Dodoma)

Hujachelewa kwa hesabu ya miili, dada, nikupe ushahidi. Kristen Faulkner wa Marekani alikuwa mpiga makasia chuoni, akawa anafanya kazi ya uwekezaji New York, mwaka 2017 ndo akaenda kujifunza kuendesha baiskeli ya barabarani bustani ya Central Park, miaka saba baadae yuko Paris 2024 anachukua dhahabu ya Olimpiki ya barabarani. Aliyemtangulia, Anna Kiesenhofer wa Austria, alishinda Tokyo 2021 akiwa hana hata mkataba na timu ya kulipwa, ni mtafiti wa hesabu mwenye udaktari wake, alichomoka mwanzoni kabisa mwa mbio na wale wakubwa wakamsahau, Annemiek van Vleuten alivuka mstari wa pili amenyoosha mikono akidhani yeye ndo bingwa. Mi kila nikiikumbuka ile siku nasisimka.

Lakini wote wawili walikuwa na kitu kimoja ambacho wewe bado hunacho, namba. Kuacha wanaume wa kundi lako mlimani hakumwambii meneja wa timu chochote kwa sababu hawajui hao wanaume ni nani. Wanataka wati, yaani nguvu unayosukuma kwenye pedali, kwa kila kilo ya uzito wako, kwa dakika 5 na kwa dakika 20, na matokeo ya mashindano yenye jina. Kwa hiyo mwaka huu tafuta kipimo cha wati, hata cha kuazima kwenye klabu, panda mlima mmoja uleule wa dakika kama 20 kila baada ya wiki sita, andika wati, uzito na joto la siku ile. Nenda CHABATA, chama cha baiskeli Tanzania, uchukue leseni, ushiriki mashindano ya taifa, na ukipata nauli vuka Kenya na Rwanda maana huko ndo utakutana na wanawake watakaokuacha, na unahitaji kuachwa na mtu anayejua anachofanya ili ujifunze kukaa kwenye kundi, kupiga kona na kula ukiwa kwenye mwendo. Miguu unayo, ila kukaa katikati ya watu mia moja bega kwa bega kwa kilomita 45 kwa saa ni ufundi mwingine kabisa, Faulkner mwenyewe ilimchukua muda na alianguka vya kutosha.

Kazi ya ofisini usiache kwanza. Faulkner alikuwa anafanya mazoezi alfajiri kabla ya kazi mpaka timu ilipompa mkataba unaoeleweka. Ukishakuwa na namba za miezi sita niandikie tena na uziweke zote, hata zile mbaya, nitamuomba kocha azisome nami nikujibu hapahapa.